Asiyekuwepo na Lake Halipo? Mikusanyiko ya Vyuo vya Theolojia Ilipohamia Mtandaoni

Kwa miaka mingi bajeti ya parokia ya kumsomesha mtumishi ilikuwa na mistari ile ile: karo, malazi, chakula, vitabu na nauli. Mwaka 2020 ukaongezeka mstari mpya: gharama za mtandao. Katika kamati nyingi mstari huo ulizua mjadala, na katika baadhi yake mjadala haujaisha hadi leo. Wajumbe waliuliza: kijana wetu yuko nyumbani kwao, chuo kimefungwa, mbona tunaombwa fedha ili ahudhurie ibada ya chuo akiwa ameketi chini ya mwembe? Nao wafadhili waliochangia ujenzi wa makanisa ya vyuo waliuliza: ikiwa ibada inaweza kufanyika kwa simu, jengo lile lilikuwa la nini?

Maswali hayo mawili ni ya haki, tena yanahusiana. Makala hii inajaribu kuyajibu kwa kueleza mikusanyiko ya vyuo vya theolojia ni ya nini, ilihamiaje mtandaoni wakati wa janga la COVID-19, nini kilifaulu, nani aliachwa nje, na kamati ya parokia ina kazi gani katika jambo hili. Tunatumia zaidi mfano wa Kenya, ambako tumekuwa tukishirikiana na parokia katika kuwasomesha watumishi.

WIKI MOJA YA MACHI

Shirika la Afya Duniani lilitangaza COVID-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Ijumaa tarehe 13, Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza. Jumapili tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo: shule za kutwa mara moja, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa tarehe 20. Kwa hiyo wanafunzi wa theolojia walipewa siku tano za kufunga masanduku. Wengi waliacha vitabu na majoho yao mabwenini wakidhani watarudi baada ya Pasaka.

Hawakurudi. Tarehe 22 Machi mikusanyiko ya ibada nayo ilisimamishwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, na mapema Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi na baadhi ya kaunti za Pwani. Nyumba za ibada zilianza kufunguliwa tena Julai 2020 kwa masharti makali: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee wa zaidi ya miaka 58. Masomo ya ana kwa ana yalianza kurejea kwa awamu Oktoba 2020. Kisha tarehe 26 Machi 2021 kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru, zikafungwa tena hadi Mei mosi. Ni kaunti zenye vyuo vingi vya theolojia. Wanafunzi wa huko waliiadhimisha Pasaka ya pili mfululizo mbali na kanisa la chuo.

Jirani zetu walipitia njia tofauti. Tanzania ilifunga vyuo Machi 2020 na kuvifungua tarehe 1 Juni mwaka huo huo, na nyumba za ibada hazikufungwa. Uganda ilifunga shule mwezi huo huo wa Machi, lakini hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa hiyo tunaposema “wakati wa janga”, chuo kimoja kinakumbuka miezi miwili na nusu, na kingine kinakumbuka karibu miaka miwili ya kufungua na kufunga.

CHUO CHA THEOLOJIA SI DARASA TU

Ili kuelewa kilichopotea na kilichookolewa, lazima kwanza tujue kwa nini vyuo hivi vina mikusanyiko mingi kuliko vyuo vingine.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha St. Paul's, Limuru. Kilianza mwaka 1903 kule Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Kilihamia Limuru mwaka 1930, mwaka 1955 kikawa chuo cha pamoja cha madhehebu kadhaa, na mwaka 2007 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Pale Mombasa palipoanzia chuo, kengele ya zamani ya Frere Town ilikuwa mashuhuri kiasi kwamba mtaa wake unaitwa Kengeleni hadi leo.

Kengele ni picha nzuri ya maisha ya vyuo hivi. Kengele inaita asubuhi kwa sala, inaita kwa chakula, inaita jioni tena. Mwanafunzi anayetoka Lodwar anajikuta mezani na mwingine wa kutoka Taita, na kabla ya muhula kwisha wamegombana, wamepatana na wameombeana. Wahadhiri wanamwona mwanafunzi si katika mtihani tu bali anavyoimba, anavyopokea makosa yake, anavyomhudumia mgonjwa wa bweni la pili.

Kanisa Katoliki limeliandika jambo hili kwa uwazi. Barua ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1992 kuhusu malezi ya mapadre ilitaja pande nne za malezi: ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji. Mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa na Vatikani Desemba 2016 ulikazia tena kwamba malezi hayo hufanyika ndani ya jumuiya. Madhehebu mengine yana lugha yao, lakini wazo ni lile lile. Darasa linashughulikia upande mmoja tu kati ya zile nne, na pande nyingine tatu hulelewa zaidi nje ya darasa.

Kwa hiyo mikusanyiko ya chuo tunayoizungumzia ni hii: ibada za kila siku, mihadhara ya hadhara inayofunguliwa kwa majirani, siku za mafungo, siku ya wahitimu wa zamani, harambee ya chuo, juma la misheni, na mahafali. Wakati chuo kinafungwa, masomo yanaweza kutafutiwa njia kwa maandishi. Mikusanyiko hii ndiyo iliyowaumiza wakuu wa vyuo vichwa.

ILIHAMIAJE?

Vyuo vingi havikuanza na mitambo. Vilianza na simu ya mhadhiri. Ibada ya asubuhi ikawa ujumbe wa sauti wa dakika kumi katika kundi la WhatsApp: somo, tafakari fupi, sala. Zamu za kuongoza ziligawanywa kama zilivyogawanywa chuoni, na mwanafunzi aliyekuwa na zamu alijirekodi nyumbani alfajiri, mara nyingi na jogoo akiwika nyuma yake.

Baadaye ikaja mikutano ya video kwa Zoom. Toleo la bure liliruhusu watu 100, lakini kikao cha kundi kilikatika baada ya dakika 40. Wengi tunakumbuka mahubiri yaliyokatika katikati ya hoja, watu wakasubiri kiungo kipya, na nusu yao wasirudi. Vyuo vyenye uwezo vililipia, na vingine vikajifunza kuhubiri ndani ya dakika 40, jambo ambalo baadhi ya waumini waliliona kuwa baraka mojawapo ya janga.

Mihadhara ya hadhara na mahafali vilipelekwa moja kwa moja kwenye YouTube na Facebook. Majina ya wahitimu yalisomwa mbele ya ukumbi wenye watu wachache, na familia zikatazama kutoka nyumbani. Harambee nazo zilihamia kwenye nambari ya paybill. Hapo kulikuwa na msaada wa wakati ule: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka 2020, kutuma fedha kwa simu kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, kwa hatua iliyokubaliwa na Benki Kuu ya Kenya pamoja na makampuni ya simu. Sadaka ndogo ndogo ambazo zamani zingeliwa na ada zilifika nzima.

YALIYOFAULU

Tusidharau mema yaliyopatikana. Mhadhara ambao zamani ulisikilizwa na waliokuwa ukumbini tu uliweza kumfikia mwinjilisti wa Marsabit na muuguzi wa Kenya aliye Ughaibuni. Wahitimu wa zamani, ambao wengi hawakuwa na nauli ya kurudi chuoni, walijiunga na siku yao wakiwa parokiani kwao. Bibi ambaye asingeweza kusafiri saa nane kwa matatu alimwona mjukuu wake akitajwa jina. Wageni kutoka nchi nyingine walifundisha bila tiketi ya ndege.

Kwa kamati za parokia kulikuwa na faida nyingine ambayo haisemwi sana. Kwa mara ya kwanza wajumbe wengi waliona kwa macho yao kile walichokuwa wakikilipia. Mweka hazina aliyekuwa akituma karo kila muhula bila kufika chuoni hata siku moja sasa alisikiliza ibada ya chuo na kumsikia mwanafunzi wake akihubiri. Michango ya harambee iliyopita kwa simu iliacha rekodi ya kila shilingi, na taarifa ya mapato ikawa rahisi kukaguliwa.

YALIYOKATAA KUHAMA

Lakini kuna mambo yalikataa. La kwanza ni wimbo. Katika mkutano wa video sauti ya kila mtu hufika kwa kuchelewa kidogo, na kila mmoja kwa kiasi chake. Watu 30 wakiimba pamoja inasikika kama watu 30 wanaogombana. Kwa hiyo kila kwaya iliishia kwa mtu mmoja kuimba na wengine kuzimiwa vipaza sauti, kila mtu akijisikia mwenyewe chumbani mwake. Kwa watu wetu, ambao ibada bila pambio la pamoja ni kama chai bila majani, upungufu huo ulikuwa mkubwa.

La pili ni meza. Madhehebu yalitofautiana kuhusu Ushirika Mtakatifu: mengine yalikataa kabisa ufanyike kwa njia ya video, mengine yakaruhusu kwa muda. Hatutaki kuamua hapa. Tunasema tu kwamba chakula cha kawaida cha bwalo, ambacho hakina ubishi wa kitheolojia, nacho hakikuhama. Na huko bwaloni ndiko mwanafunzi mwenye shida hugunduliwa, kwa sababu ameacha kula au kiti chake kiko wazi.

La tatu ndilo zito zaidi: kujulikana. Kanisani chuoni kiti kitupu huonekana. Mtandaoni jina hubaki kwenye orodha hata mwenye jina asipokuwepo.

KOSA LETU WENYEWE

Hapa tunapaswa kukiri jambo. Mmoja wa wanafunzi tuliokuwa tukiwasaidia pamoja na parokia zao alirudi kijijini kwao Machi 2020. Parokia yake ilikubali kuchangia bando, nasi tukaongezea. Kila mwanzo wa mwezi tulimtumia fedha kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, tukaweka alama kwenye daftari. Chuo nacho kilikuwa na kundi la ibada, na jina lake lilikuwemo. Kwa hesabu za kila upande, kijana alikuwa akihudhuria.

Mwezi wa Agosti katekista wa parokia yake alimkuta kwenye kibarua cha kubeba mchanga. Simu janja aliiuza mwezi wa Mei, mama yake alipolazwa. Laini yake aliiweka kwenye kabambe, ndiyo maana fedha zetu ziliendelea kumfikia, na fedha hizo zilinunua unga. Hakuwa amesikia ibada wala somo kwa miezi mitatu. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona aibu: fedha ilikuwa ya bando, naye ameila.

Hatukuona wizi katika jambo hili. Tuliona upweke. Mama yake aliugua, na hakuna mtu wa chuo, wa parokia wala wa shirika letu aliyejua. Angekuwa chuoni, wenzake wa bweni wangejua siku ile ile, kofia ingepitishwa jioni, na mlezi wa wanafunzi angempigia paroko wake. Wazee wa kanisa walipomtembelea hatimaye, walikwenda na sukari na maombi, si na barua ya karipio. Alirudi chuoni mwaka uliofuata, nyuma ya wenzake kwa muhula mzima. Tulichofanya sisi kilikuwa kutuma fedha na kuhesabu kwamba tumemhudumia mtu.

NANI ALIKUWA NJE YA MLANGO

Kisa hicho hakikuwa cha ajabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, yaani miezi michache tu kabla ya janga, ilionyesha kwamba kati ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, lakini waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Ni takriban nusu ya kaya zilizotumia umeme wa gridi kwa mwanga. Nambari hizi ni za nchi nzima, na vijijini hali ilikuwa ngumu zaidi kuliko mijini.

Gharama nayo ina ngazi zake, na ni vyema kamati izijue. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula data ya kuanzia nusu GB hadi zaidi ya GB moja. Ujumbe wa sauti wa dakika kumi hula MB chache tu. Maandishi hula kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo chuo kinapoamua kwamba ibada itakuwa ya video, kimeamua pia ni nani atakayeingia na ni nani atakayebaki nje, hata kama hakukusudia.

Walioachwa si maskini wa fedha peke yao. Mwanafunzi wa kike akirudi nyumbani mara nyingi alirudia kazi za nyumbani, na saa ya ibada ya jioni ilikuwa saa ya kupika. Wazee waliozuiwa kuingia kanisani kwa sababu ya umri wao ndio hao hao wasioweza kufungua kiungo bila msaada wa mjukuu. Na viziwi walitazama midomo ikisogea katika picha ndogo isiyoonekana vizuri.

TULIWAHI KUFIKA HAPA

Kabla ya kukata tamaa, tukumbuke kwamba kanisa liliwahi kufundisha watumishi walio mbali na chuo, bila intaneti yoyote. Mwaka 1963 seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala ilianza utaratibu mpya. Wahusika wake wakuu walikuwa Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler. Walikuwa wameona kwamba vijana waliopelekwa mjini kusoma wengi hawakurudi kutumika vijijini, na viongozi halisi wa makanisa, wenye mashamba na watoto, hawakuweza kuhamia bwenini. Basi wakakipeleka chuo kwa mwanafunzi. Alisoma nyumbani kwa vitabu vilivyotungwa kwa kujisomea, aliendelea kutumika kanisani kwake, na kwa vipindi maalumu alikutana na wenzake pamoja na mwalimu katika kituo cha karibu. Katika miaka ya 1970 utaratibu huo ulienea Asia na Afrika. Wengi wetu tunaujua kwa kifupi chake, TEE, na baadhi ya wachungaji na wainjilisti wetu waliandaliwa kwa njia hiyo.

Ted Ward, mtaalamu wa elimu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, aliueleza utaratibu huo kwa mfano wa uzio wa mbao. Ubao wa juu ni maarifa: yale mwanafunzi anayoyasoma. Ubao wa chini ni utumishi: yale anayoyafanya parokiani. Mbao hizi mbili zinakwenda sambamba, lakini haziwezi kusimama hewani. Zinashikwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini kwa nafasi zilizopimwa. Nguzo ni vile vikao vya kukutana uso kwa uso, ambapo mtu huulizwa: umesoma nini, umefanya nini, na wewe mwenyewe hali yako ikoje?

Mfano huu unajibu maswali tuliyoanza nayo. Mtandao ulikuwa ubao mzuri. Ulibeba mahubiri, mihadhara na hotuba za mahafali mbali kuliko wakati wowote. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ubao mrefu hauhitaji nguzo. Kijana wetu alikuwa na ubao mpaka simu ilipouzwa. Nguzo hakuwa nayo hata moja, ingawa kanisa la parokia lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Tunajua kwamba kati ya Machi na Julai 2020 parokia haikuruhusiwa kumkusanya mtu. Lakini nguzo haihitaji umati. Mzee mmoja wa kanisa akisimama nje ya lango, akiwa na barakoa, akauliza “mama anaendeleaje?”, hiyo ni nguzo. Simu ya kawaida ya dakika tatu kila Alhamisi ni nguzo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kazi ya kanisa ni kuhakikisha kwamba asiyekuwepo lake lipo, kwa sababu yuko mtu aliyetumwa kumwulizia.

KIPI KIBAKI MTANDAONI, KIPI KIRUDI

Hali ya dharura ya dunia ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023. Vyuo vimefunguliwa, lakini mazoea ya mtandaoni yamebaki, na maombi ya bajeti yanaendelea kuja. Kutokana na uzoefu wetu tunapendekeza kamati zipime kila mkusanyiko kwa swali moja: watu wanakuja kusikia, kuonekana, au kujulikana?

1. Mikusanyiko ya kusikia. Mihadhara ya hadhara, semina za wahitimu, taarifa kwa wafadhili. Hii ibaki mtandaoni, pamoja na ukumbi. Inapanua mlango kwa gharama ndogo, na rekodi yake inaweza kutumika tena parokiani.

2. Mikusanyiko ya kuonekana. Mahafali, harambee, sikukuu ya chuo. Hii ifanyike ana kwa ana, na ipelekwe mtandaoni kwa wasioweza kufika. Parokia inaweza kuweka skrini moja ukumbini ili familia na waumini watazame pamoja badala ya kila mmoja na simu yake.

3. Mikusanyiko ya kujulikana. Ibada za kila siku, mafungo, vikundi vya sala, chakula cha pamoja, ushauri nasaha. Hii isihamishiwe mtandaoni kwa sababu ya kuokoa fedha. Dharura ikilazimisha, ivunjwe iwe vikundi vidogo vya watu watano au sita, kila kimoja na mlezi anayewajua kwa majina na kwa shida zao.

Kwa wafadhili waliouliza kuhusu jengo la kanisa la chuo, jibu letu ni kwamba jengo lile ni nguzo. Halikupoteza kazi yake wakati wa janga, bali ukosefu wake ulituonyesha kazi hiyo ilikuwa nini.

MASWALI KWA KAMATI YA PAROKIA

Ombi la gharama za mtandao linapofika mezani, tunashauri kamati iulize mambo yafuatayo kabla ya kupitisha au kukataa:

- Fedha hizi ni za mkusanyiko gani kati ya aina zile tatu?
- Je, chuo kimechagua njia inayokula data kidogo pale inapotosha, kama vile sauti badala ya video?
- Mwanafunzi wetu ana simu gani sasa hivi, na anaichaji wapi? Tumemwuliza yeye mwenyewe?
- Nani katika parokia amepewa jina la mwanafunzi huyu, na alimwona mara ya mwisho lini?
- Chuo kinahesabuje mahudhurio: kwa majina yaliyo kwenye kundi, au kwa watu waliozungumza na mlezi wao?
- Likitokea janga jingine, ofisi ya parokia inaweza kumpa mwanafunzi meza, umeme na mtandao siku mbili kwa wiki?

Swali la mwisho halina gharama kubwa. Parokia nyingi zina ofisi yenye umeme na meza isiyotumika Jumanne na Alhamisi. Bando la ofisi linalotumiwa na wanafunzi watatu ni nafuu kuliko mabando matatu yaliyotumwa vijijini, na juu ya hapo wanafunzi hao watatu wanaonana, na katibu wa parokia anawaona.

Tangu mwaka 2021 shirika letu limebadili fomu zake. Hatutumi tena fedha za mtandao kwa mwanafunzi yeyote bila jina la mtu wa parokia yake aliyekubali kumtembelea, na taarifa yake fupi hutufikia kila robo mwaka. Si karatasi ya ukaguzi. Ina maswali mawili tu: mmekutana lini, na mmeombea nini?

Endeleeni kulipia karo, na pale inapofaa, bando pia. Lakini wiki hii, kabla ya kikao kijacho, mjumbe mmoja ajitolee kumpigia simu mwanafunzi wenu. Amwulize habari za nyumbani kwanza, masomo baadaye.